Shajara ya mradi: promota za globini na Duffy, Mtwara na Lindi

Februari, mwanzoni

Swali la mradi ni hili: fakta za unukuzi, yaani protini zinazokamata DNA na kuamua jeni ipi inukuliwe na ipi inyamaze, hupajuaje mahali pake ndani ya seli ya binadamu? Na herufi moja ya DNA (A, C, G au T) ya promota ikibadilika, kinavunjika nini, au kinazaliwa nini? Binadamu ana zaidi ya protini 1,600 za aina hii. Promota ni kipande cha DNA kinachopakana na mwanzo wa jeni. Hapo ndipo RNA polimerasi ya II hujipanga na wasaidizi wake kabla ya kuanza kunukuu.

Jeni zilizochaguliwa ni nne, na zote zinawahusu watu wa kusini huku. HBB hutengeneza beta globini ya mtu mzima, nayo ndiyo hubeba badiliko la selimundu. HBG1 na HBG2 hutengeneza gama globini ya mtoto aliye tumboni. Zikiendelea kufanya kazi ukubwani, hemoglobini F hupanda na selimundu hupungua makali. Haidroksiyurea humsaidia mgonjwa kwa sehemu kubwa kupitia njia hiyohiyo. Ya nne, ACKR1, hutengeneza protini ya Duffy, ambayo kimelea cha *Plasmodium vivax* huishika ili kuingia kwenye chembe nyekundu ya damu.

Kazi imegawanywa. Meza ya Mtwara inashika herufi na motifu, yaani mifuatano mifupi ambayo fakta hupenda kushika; meza ya Lindi inashika data za kromatini, yaani DNA ikiwa pamoja na protini zake ndani ya seli. Vifaa ni laptopu zenye RAM ya gigabaiti 8, Linux, samtools, bedtools na FIMO ya MEME Suite. Jenomu nzima ya binadamu, toleo GRCh38, ikiwa imebanwa inakaribia gigabaiti 1. Kwa promota nne haina haja ya kupakuliwa yote: programu ya twoBitToFa ya UCSC huvuta kipande kinachotakiwa moja kwa moja kutoka kwenye seva, na herufi 500 ni kilobaiti isiyotimia. Bando linabaki kwa ajili ya data za kromatini, ambazo ndizo nzito.

Umeme ukikatika katikati ya kupakua, faili hubaki nusu na jina lake kamili, na programu nyingi hulisoma bila kulalamika mpaka lilipokatikia. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kupakua kwa `wget -c` ili kuendelea palipoachwa, kisha `gzip -t` kuhakikisha faili halijakatika, kisha kulinganisha md5, namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti. Faili likihamishwa kwa flashi kati ya Lindi na Mtwara, md5 inaangaliwa tena upande wa pili.

Februari, katikati: namba za nafasi

Kabla ya motifu yoyote, namba lazima ziwe sahihi. Makosa mengi ya uchambuzi wa promota huanzia hapa, na mabaya zaidi ni kwamba hayatoi ujumbe wa kosa. Yanatoa jibu lenye sura nzuri kutoka mahali pasipo pake.

HBB iko kwenye kromosomu 11 na inasomwa kwenye uzi wa kinyume, kwa hiyo namba za kromosomu hupungua kadiri jeni inavyosonga mbele. Mwanzo wa unukuzi, unaoandikwa +1, uko 5,227,071. Hakuna sifuri: kabla ya +1 ni −1. Nafasi ya −n basi ni 5,227,071 kujumlisha n.

Kipimo cha kujithibitishia ni selimundu yenyewe. Sehemu ya RNA inayotangulia ATG ya HBB, herufi tatu ambapo protini huanza kuandikwa, ina herufi 50. Baada yake: ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG. Herufi ya kati ya GAG hiyo, A inayogeuka T kwa mwenye selimundu, ni ya 70 kutoka +1, na 5,227,071 kutoa 69 ni 5,227,002, ndiyo nafasi inayojulikana ya rs334, jina la badiliko hilo kwenye hifadhidata. Ukihesabu ukafika hapo, namba zako zimekaa. Ukikuta T badala ya A, umesahau kugeuza uzi. Ukikuta G, umekosea kwa herufi moja, na karibu kila mara chanzo ni faili la BED, orodha ya maeneo ya jenomu, ambalo huanza kuhesabu kutoka 0: nafasi hii kwenye BED huandikwa 5227001 hadi 5227002.

Namba hizo zikithibitishwa, promota ya HBB inasomeka hivi, kwenye uzi wa jeni:

AGCCACACCCTAGGGTTGGCCAATCTACTCCCAGGAGCAGGGAGGGCAGGAGCCAGGGCTGGGCATAAAAGTCAGG

Herufi ya kwanza ni −95. CCACACCCT iko −93 hadi −85, mahali pa KLF1, fakta inayoiwasha jeni hii. CCAAT iko −76 hadi −72, mahali pa fakta ya NF-Y. CATAAAA, sanduku la TATA la jeni hii, iko −32 hadi −26, nalo hukamatwa na TBP.

Jambo jingine la kuwa nalo macho ni majina. Badiliko la A kuwa G kwenye −29 huandikwa pia c.-79A>G, kwa sababu mfumo huo wa pili huhesabu kutoka ATG: 50 kujumlisha 29. Vilevile −88C>T ni c.-138C>T. Mabadiliko haya mawili yanapatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na husababisha thalasemia ya beta isiyo kali. −88 huharibu C ya kwanza kati ya CCC tatu za KLF1, na −29 huharibu sanduku la TATA. Mtu anayejumlisha orodha mbili za mabadiliko bila kuoanisha mifumo ya majina atahesabu kitu kimoja mara mbili.

Machi: alama za motifu

Njia ya kwanza ya kutafuta mahali pa GATA1, fakta ya seli za damu, ni kanuni ngumu: A au T, kisha GATA, kisha A au G. Uwezekano wa mfuatano huo kutokea kwa bahati ni 1 kati ya 1,024 kwenye uzi mmoja, 1 kati ya 512 ukihesabu nyuzi zote mbili. Jenomu ina herufi takriban bilioni 3.1, kwa hiyo tegemea mahali kama milioni 6. Majaribio ya kunasa GATA1 ndani ya seli za damu huipata kwenye maelfu hadi makumi ya maelfu ya mahali. Yaani hata 1 kati ya 100 haifiki. Hesabu hii imebandikwa ukutani kwenye meza zote mbili, maana ndiyo kiini cha mradi: herufi hutoa ruhusa, lakini hazitoi amri.

Njia ya pili ni matriksi ya alama. Matriksi hizi zinatoka JASPAR, hifadhidata ya motifu, ambako zinapatikana bure: MA0035 ni ya GATA1, MA0493 ya KLF1, MA0060 ya NFYA, MA0108 ya TBP, na MA0140 ni ya GATA1 ikiwa bega kwa bega na fakta ya TAL1. Kila nafasi ya motifu ina hesabu ya A, C, G na T zilizoonekana, na alama ya herufi ni logi ya msingi wa 2 ya uwiano kati ya kiwango chake na kiwango cha kawaida, ambacho hapa ni robo kwa kila herufi.

Chukua nafasi moja ambayo mahali 20 kati ya 20 pana G. Ukiacha A ikiwa 0, logi yake ni hasi isiyo na mwisho, na sehemu yoyote yenye A hapo inafutwa kabisa. Kwa hiyo huongezwa nyongeza ndogo: 0.25 kwa kila herufi. G inakuwa 20.25 juu ya 21, alama 1.95, A inakuwa 0.25 juu ya 21, alama −4.39. Badiliko moja la herufi limeshusha alama kwa biti 6.34, sawa na mara 81. Ukiongeza 1 kwa kila herufi badala ya 0.25, tofauti inabaki mara 21 tu. Ndiyo maana kila jedwali la mradi linaandikwa kiasi cha nyongeza kilichotumika. Bila hicho, alama za watu wawili hazilinganishiki.

FIMO, programu inayopitisha matriksi kwenye mfuatano, ina kiwango cha kawaida cha p, yaani uwezekano wa kutokea kwa bahati, cha 0.0001. Kwa promota ya herufi 300, nyuzi mbili, matriksi moja itatoa kwa bahati mahali 0.06. Hiyo ni sawa. Lakini ukirusha matriksi zote za wanyama wenye uti wa mgongo zilizomo JASPAR, ambazo zimepita 800, utapata karibu 50 kwa bahati tupu, kwenye kila promota, pamoja na majina ya fakta ambazo seli ya damu haizitengenezi kabisa. Picha za promota zilizojaa mishale ya rangi zinatokana na hili. Hapa tunarusha matriksi za fakta ambazo RNA yake imeonekana kwenye seli husika, na si nyingine.

Machi, mwishoni: Duffy

ACKR1 ndiyo jeni safi kuliko zote nne kufundishia. Kwenye promota yake pana CTTATCTT. Ukiigeuza uzi ni AAGATAAG, GATA kamilifu. Badiliko rs2814778, kromosomu 1 nafasi 159,204,893, hugeuza T kuwa C: CTTACCTT, na kwenye uzi wa pili GATA inakuwa GGTA. GATA1 haishiki tena. Chembe nyekundu inazaliwa bila protini ya Duffy, na vivax hukosa pa kushika. Uhusiano kati ya kukosa Duffy na kinga dhidi ya vivax ulionyeshwa na Miller na wenzake 1976. Herufi yenyewe ilitambuliwa na Tournamille na wenzake 1995. Maandishi ya wakati huo huiita −46, ya baadaye −67, kwa sababu mwanzo wa unukuzi ulikuja kupangwa upya. Ni herufi ileile.

Mambo mawili ya kuandika kwa wino mzito.

La kwanza: jenomu rejea ina T hapo. Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara, na ndivyo ilivyo huku kwetu pia, karibu wote wana C. Mtu wa Mtwara akiipima promota ya ACKR1 kwa kutumia jenomu rejea peke yake, anasoma promota ambayo majirani zake hawana. Kila promota ya mradi sasa inapimwa mara mbili: kwa herufi za rejea, na kwa herufi zilizo za kawaida Afrika.

La pili ndilo linalobeba uzito wa mradi wote. Mwenye C/C hana Duffy kwenye chembe nyekundu, lakini seli zinazotanda ndani ya vena ndogo zinaendelea kuitengeneza kama kawaida. Jeni ileile, herufi zilezile, mtu yuleyule. Seli za mishipa hazikuitegemea GATA1 kwenye promota hiyo, kwa hiyo hazikupoteza kitu. Mtu anayesema "promota imekufa" lazima aulizwe: imekufa kwenye seli ipi?

Kwa wenzetu wa kliniki: hali hii ya kukosa Duffy huambatana na idadi ndogo ya nyutrofili kwenye damu kwa mtu mzima wa afya. Kipimo cha FBC (hesabu kamili ya damu) kinachotumia viwango vilivyotoka Ulaya kinaweza kumwita mgonjwa mtu asiyeumwa. Na kinga dhidi ya vivax si ya mia kwa mia. Maambukizi kwa watu wasio na Duffy yameripotiwa Madagaska na Ethiopia.

Aprili: gama globini, herufi kwa herufi

Mwezi mzima umekwenda hapa, na unastahili. Promota za HBG1 na HBG2 zina mabadiliko ya asili yanayoiacha hemoglobini F ikiwa juu maisha yote, na kila moja linafanya kazi kwa njia yake.

Sehemu ya kwanza iko karibu na −115. Mfuatano TGACCAATAG huanzia −118, kisha hujirudia kuanzia −91. Tofauti ni herufi 27. BCL11A, fakta inayozima gama globini baada ya kuzaliwa, hushika TGACCA kwa vidole vyake vya zinki, sehemu za protini zinazoshika DNA, vya 4 hadi 6. Hushika ile ya mbali, ya −118, kuliko ile ya karibu, ingawa herufi sita ni zilezile. Wakati huohuo NF-Y, inayowasha, hutaka CCAAT, na ile inayoleta kazi ni ya karibu, −88 hadi −84. BCL11A ikikaa mbali, inaizuia NF-Y isikae karibu. Herufi 27 hazitoshi kuwakalisha wote wawili.

Mabadiliko −117G>A na −114C>T huharibu TGACCA ya mbali. Pia kuna upungufu wa herufi 13, −114 hadi −102, CAATAGCCTTGAC, unaoondoa kipande chote. Hayo matatu ni kupoteza mkamataji, na matriksi yoyote ya BCL11A itayaona.

−113A>G ni tofauti. TGACCAATAG inakuwa TGACCGATAG. Angalia katikati: GATA imezaliwa. GATA1 inashika hapo na kuwasha jeni, na BCL11A inaendelea kushika kama kawaida. Lakini pitisha kanuni ngumu ya mwezi uliopita: kabla ya GATA inatakiwa A au T, na hapa pana C. Kanuni inasema hakuna kitu. Mahali halisi, palipothibitishwa kwenye seli, panapotea kwa sababu ya herufi moja ya pembeni isiyobeba uzito mkubwa. Matriksi huipa alama ya chini kidogo na kuibakiza. Kuanzia hapa kanuni ngumu zimeachwa kabisa kwenye mradi; zinabaki za kukisia kwa vidole tu.

Sehemu ya pili iko karibu na −200. Herufi kuanzia −203 ni CCCCTTCCCCACACTATCTCAATGCAAATATCTG. Hapa hukaa ZBTB7A, mzimaji wa pili, na mabadiliko −195, −196, −197, −201 na −202 humwondoa. −198T>C hufanya jingine: CCCCTTCCC inakuwa CCCCTCCCC. Motifu ya KLF1 ni CC, yoyote, C, yoyote, CCC, yoyote. Kabla ya badiliko herufi ya sita ilikuwa T na motifu haikutimia. Baada yake imetimia. Mwashaji wa HBB amepewa mlango kwenye HBG.

Kisha −175T>C, ambayo tunaipendekeza kwa kila mwanafunzi kuifanya kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta. Herufi zilizopo ni ATGCAAATATCTG. Zikisomwa vizuri zina motifu mbili zilizolaliana, na nafasi ya kuzaliwa ya tatu. ATGCAAAT, herufi nane, ni mahali pa fakta za kundi la OCT, na T ya mwisho ndiyo ya −175. TATC kuanzia −175 ni GATA kwenye uzi wa pili, ingawa si kamilifu. Na badiliko likitokea, CATCTG inazaliwa, ambayo ni sanduku la E, CA herufi mbili TG, mahali pa TAL1. Herufi moja imevunja mbili na kuzalisha moja. Ukijumlisha alama za kompyuta, hasara inazidi faida, na utabiri utakuwa kwamba jeni inashuka. Uhalisia ni kinyume: hemoglobini F hupanda sana, kwa sababu TAL1 ikikaa hapo huleta protini ya LDB1, na LDB1 huikunja DNA mpaka promota ikutane na eneo kuu la udhibiti lililo makumi ya maelfu ya herufi mbali. Wienert na wenzake walilionyesha hili 2015. Alama hazijumlishwi kama hesabu za duka. Fakta moja yenye marafiki sahihi inawazidi wawili wasio na mchango kwenye seli ile.

Mantiki hiyohiyo imekwishafika hospitalini. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, hukata motifu moja ya GATA1 ndani ya enhansa ya BCL11A, kipande cha DNA kinachoipa jeni nguvu, inayotumika kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu. BCL11A inashuka kwenye seli hizo tu, gama globini inafunguka, na seli nyingine za mwili zinaendelea kuipata BCL11A yao. Ni somo lilelile la Duffy, safari hii limetumiwa kwa makusudi.

Mei: data za kromatini, meza ya Lindi

Data za ENCODE, hifadhidata ya umma ya majaribio ya jenomu, za seli za K562 ndizo nyingi na ni bure. Faili za bigWig, zinazobeba vipimo kwa kila nafasi ya jenomu, hazipakuliwi nzima: `bigWigToBedGraph` ikipewa kromosomu, mwanzo na mwisho huvuta eneo hilo tu, hata kama faili liko kwenye seva. Vuta kati ya 5,220,000 na 5,320,000 ya kromosomu 11, na eneo lote la globini limo.

Mitego iliyoandikwa mpaka sasa:

K562 zilitoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu na hutengeneza globini za kiinitete na za kijusi, karibu bila beta. Ukikosa KLF1 au polimerasi kwenye promota ya HBB humo, hujajifunza chochote kuhusu HBB ya mtu mzima. Seli za HUDEP-2, zilizotoka kwenye damu ya kitovu lakini hutengeneza zaidi hemoglobini ya mtu mzima, ndizo zinazofaa kwa swali la kuzimwa kwa gama.

HBG1 na HBG2 zilitokana na kunakiliwa kwa kipande cha karibu herufi 5,000, na promota zake zinakaribia kufanana kabisa. Kipande kifupi cha kusomwa kinaweza kupangwa kwenye mojawapo, kwa hiyo programu hukipa ubora wa 0 na kichujio cha kawaida cha ubora hukitupa. Matokeo yake ni bonde tupu juu ya promota ambayo pengine imejaa fakta. Kabla ya kuandika "hakuna kilichokamata", angalia data za upekee wa mfuatano kwenye eneo hilo, na angalia data bila kichujio.

ChIP ya kawaida, jaribio la kunasa kwa kingamwili protini pamoja na DNA iliyoishika, huvunja DNA kuwa vipande vya herufi 200 hadi 500. Haiwezi kutenganisha −115 na −200, ambazo zimeachana kwa herufi 85, wala TGACCA mbili zilizoachana kwa 27. Ndiyo sababu kazi ya 2018 iliyoikalisha BCL11A kwenye TGACCA ya mbali ilitumia CUT&RUN, ambayo hukata DNA karibu kabisa na protini. Kilele kipana cha ChIP hakina haki ya kupewa jina la motifu moja.

Jedwali la Lindi sasa lina safu nne kwa kila motifu: alama ya matriksi, kama kromatini imefunguka hapo, kama fakta yenyewe imenaswa, na kama kubadilisha motifu kunabadilisha jeni. Safu ya nne ndiyo pekee inayothibitisha kazi. Nyingi bado ni tupu, na zitaachwa tupu mpaka ushahidi uwepo.

Juni: maandalizi ya maabara

Kazi ya mikono itafanyika kwenye maabara mwenza yenye hudi ya seli na friji ya −80. Itifaki zinaandikwa huku, na zinaandikiwa hali ya hewa ya pwani.

ChIP: seli milioni 10 kwenye mililita 10, fomaldehaidi ya asilimia 37, mikrolita 270, kufikia karibu asilimia 1, dakika 10 kwenye joto la chumba, kisha glisini ya 2.5 M, sehemu 1 kwa sehemu 19 za mchanganyiko, kufikia 125 mM, dakika 5. Tatizo liko kwenye maneno "joto la chumba". Waandishi wa itifaki hizi walikuwa na chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha pwani kabla ya kusi kuanza kinapita 30, na fomaldehaidi hufunga kwa kasi zaidi. Seli zilizofungwa kupita kiasi hazipasuki vizuri kwa mawimbi ya sauti, vipande vinabaki virefu, na kingamwili haifikii protini. Dawa yake: beseni la maji ya nyuzi 22 lenye kipimajoto, na kupima dakika 5, 8 na 10 kwenye sampuli ndogo kabla ya sampuli kuu.

Fomaldehaidi isichukuliwe kwenye ndoo ya patholojia. Ile inayoitwa formalini ya asilimia 10 ina fomaldehaidi takriban asilimia 4 tu. Inunuliwe ampuli isiyo na methanoli, ikishafunguliwa itumike siku hiyo.

Hatua ya kufungua viungo, yaani mafungo ya fomaldehaidi kati ya protini na DNA, nyuzi 65 usiku kucha, ndiyo dhaifu zaidi kwa umeme. Mashine ikizima saa nane usiku na kuwaka alfajiri, viungo havifunguki vyote na DNA inayopatikana hushuka bila dalili nyingine. Kwa hiyo ni UPS, au hatua hiyo ifanyike mchana kwa saa 6 mtu akiwepo.

EMSA, kupima mshiko nje ya seli, ndiyo itakayotangulia. Oligo (vipande vifupi vya DNA) mbili za herufi 30, kila moja na mwenzake wa uzi wa pili:

Ya mbali: GCCTTGCCTTGACCAATAGCCTTGACAAGG
Ya karibu: AGGCAAACTTGACCAATAGTCTTAGAGTAT

TGACCA imewekwa mahali palepale kwenye zote mbili, kuanzia herufi ya 10, ili tofauti ya mshiko itokane na majirani na si umbali wa kutoka ukingoni. Mchanganyiko ni mikrolita 20: oligo yenye alama (lebo ya kuionyesha kwenye jeli, si alama za matriksi) femtomoli 20, poli(dI-dC), DNA ya bandia ya kuzuia mshiko wa hovyo, mikrogramu 1, na kipande cha BCL11A chenye vidole 4 hadi 6. Vidole hivi vinashikiliwa na zinki, kwa hiyo EDTA haitiwi kwenye bafa ya mshiko, zinki huongezwa mikromola 10, na jeli huendeshwa kwa tris-borati isiyo na EDTA. Jeli ni ya akrilamidi asilimia 6, volti 100, tangi likiwa ndani ya barafu. Jeli ikipata joto, mchanganyiko wa protini na DNA huachana njiani na kuacha ukungu badala ya mstari.

Jeli ya kwanza itakuwa na njia nane. 1, oligo ya mbali bila protini. 2 na 3, ya mbali na protini, kiasi kidogo na kikubwa. 4, kama 3 pamoja na oligo ya mbali isiyo na alama, pikomoli 4, mara 200 ya ile yenye alama. 5, kama 3 lakini mshindani ni oligo ya mbali yenye −117G>A, isiyo na alama, ambayo haitakiwi kuufuta mstari. 6 na 7, oligo ya karibu yenye alama kwa viwango vilevile vya 2 na 3. 8, oligo ya mbali yenye −113A>G. Hapo BCL11A inatakiwa ishike bado, na ikishindwa, kagua kwanza kama nyuzi mbili za oligo zimeungana sawasawa kabla ya kuilaumu protini.